Visu Vitatu vya Mama Kushoto

Harufu ya chuma kilicholowa hunirudisha utotoni upesi kuliko picha yoyote. Ni harufu kali na ya baridi, inayotoka kwenye jiwe la kunolea likimwagiwa maji ya ziwa kabla jua halijapanda, na ndani yake kuna mafuta kidogo ya samaki mbuta wa jana ambayo hayaishi hata usugue namna gani. Tulikaa upande wa Dunga, Kisumu, pale ardhi inapochoka na mafunjo yanapoanza, katika nyumba ya mabati iliyotazama maji. Mama alinoa kila asubuhi, amechuchumaa mbele ya jiwe jeusi lililokuwa nje ya mlango, bakuli la maji kando yake. Mimi nilikuwa bado chini ya blanketi, nikisikiliza. Alisugua upande mmoja wa kisu kwa muda mrefu, shwaa, shwaa, bila haraka, kisha upande wa pili akaupitisha juu ya jiwe mara moja tu, kama mtu anayefuta vumbi. Nikisikia ule mpito mmoja nilijua amemaliza, na kwamba sasa ataniita. Alinoa kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono huohuo alikata, akachota maji, na mara nyingine akanichapa, na ufuo mzima ulimwita Mama Kushoto. Mchuuzi mgeni aliyefika kutafuta mkataji wa samaki aliambiwa, "Ulizia Mama Kushoto, yule anakata mbuta bila kumuumiza."

Nyumba yetu ilikuwa na visu vitatu, na Mama aliamini kwamba nyumba yenye zaidi ya hapo ina jambo inalolificha. Kulikuwa na kijisu cha mpini wa mbao, kifupi kama kidole cha kati na kiganja chake, ambacho kilikata sukuma wiki, kikamenya viazi, kikapasua kipande cha sabuni siku ya kufua na kukwangua matope kwenye viatu vyangu vya shule. Kulikuwa na panga, ambalo halikuingia ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha. Lilikaa limechomekwa chini ya paa, na kazi yake ilikuwa kuni, mafunjo, nyasi, na nyoka ikibidi. Na kulikuwa na kisu chembamba. Hicho fundi mmoja wa Kibuye alikichonga kutoka kwenye msumeno mkuukuu wa mashine ya kukatia chuma, na mpini wake Mama aliufunga mwenyewe kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, mpaka ukanenepa na kushika mkono vizuri. Kisu chembamba kilikuwa cha samaki tu. Hakikugusa kitunguu. Hakikukata kamba. Kilikula nasi, kwa maana sisi tulikula kwa sababu yake.

Nayasema haya kama mtu anayejua anachokisema. Nina stashahada ya upishi, nimeipata kwa jasho langu bila mjomba wala mfadhili, na nimesimama miaka mingi katika jikoni za hoteli kubwa za Ghuba, Uarabuni, ambako mtu asiyejua kushika kisu harudi zamu ya pili. Nimeagiza wanaume wa mataifa saba wanioshee meza. Nimerudi Kisumu na gari langu, nimefungua hoteli yangu ya samaki, na ninaishi Milimani, mahali ambapo utotoni nilipapita tu nikiwa na beseni kichwani na mbwa wakinibwekea. Basi watu huniuliza, hasa vijana wanaoanzisha nyumba, wanunue visu gani. Huwaona dukani wakikodolea macho yale makasha ya visu kumi na vinne, kila kimoja na tundu lake. Huwaambia: mchagua jembe si mkulima. Nunua kimoja kidogo cha kila kitu, kimoja chembamba cha nyama na samaki, na panga la nje, halafu toka dukani. Vile vya kukunja wanavyoning'iniza kiunoni wakienda kupiga kambi ni vya kufungulia soda. Wanadhani nimefundishwa hayo chuoni. Chuo kilinithibitishia tu.

Lakini kujua idadi ni jambo moja, na kukabidhiwa kisu ni jambo lingine. Katika vile visu vitatu vya Mama, nilichokitaka ni kimoja. Aliyekishika kisu chembamba alikaa ufuoni kando ya Mama, juu ya kreti la soda lililogeuzwa, mabega yao yakigusana, huku wanawake wengine wakipita na kuwasalimia wote wawili kwa pamoja. Kreti hilo lilikuwa tupu tangu nilipopata akili. Mimi ni kifungua mimba, na wa pekee. Sikuwa na shaka kwamba lilikuwa linanisubiri nikue.

Kisha, msimu wa mvua ndefu, shule zikiwa zimefungwa, akaja Atieno kutoka Awasi. Alikuwa binti wa dada yake Mama, na kwa hesabu ya kwetu huyo ni dada yangu kabisa. Mama yake alikuwa amefariki, baba yake ameoa tena, na hakuna aliyeeleza zaidi. Alishuka barabarani na mfuko mmoja wa plastiki na muwa mrefu kuliko yeye, zawadi kutoka kwao, akauburuta mpaka mlangoni. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona kwa muwa tu. Mengine yote yaliniuma.

Jioni ile ya kwanza tulikaa kumenya viazi. Atieno alikishika kijisu kwa mkono wa kulia, vibaya, ganda likitoka na nusu ya kiazi. Mama akamtazama. Kisha akatazama mkono wa kushoto uliolala mapajani, ambao vifundo vyake vilikuwa na alama za rula.

"Walikuchapa kwa sababu ya huo?" Mama akauliza.

Atieno akauficha mkono chini ya paja.

"Shika na huo, nyathina, mtoto wangu. Hapa hakuna mtu atakuuliza."

Akahamisha kijisu. Ganda likaanza kutoka refu, jembamba, bila kukatika, likaning'inia hadi sakafuni. Mama akacheka kicheko ambacho sikukijua, cha mtu aliyekutana na mtu wa kwao katika mji wa kigeni. Nilikuwa nimemenya viazi vingi kuliko Atieno, na vyangu vilikuwa safi. Hakuna aliyevitazama.

Siku chache baadaye likatokea jambo ambalo nimelibeba mpaka Ghuba na kulirudisha. Ufuoni kwetu kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Kisu kilichotoka kiganjani kwa mtu kikaingia kiganjani kwa mwingine huleta ugomvi kati yao, ndivyo tulivyolelewa. Anayetoa hukilaza chini, anayepokea hukiokota mwenyewe. Asubuhi hiyo mbuta walikuwa wengi, ubao wa Mama umejaa, na wanunuzi wa minofu wamesimama na barafu yao inayeyuka. Mimi na Atieno tulikuwa tumesimama mbele yake, tumetoka kuleta maji. Mama akajinyoosha mgongo, akasema kwamba atahitaji msaidizi, na kwamba atakata kwa kisu cha kuazima mpaka amalize. Akakilaza kisu chembamba juu ya ubao, kati yetu sisi wawili, mpini ukielekea kwetu. Hakutaja jina.

Mikono yangu ilikuwa imelowa. Mtoto aliyelelewa na mkata samaki hashiki kisu kwa mkono uliolowa. Nikainama kujifuta kwenye kaptura, kiganja hiki, kisha hiki, kwa adabu na kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Nilipoinuka, Atieno alikuwa amekishika. Mkono wake nao ulikuwa umelowa, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na Mama hakumkemea. Alisogea tu, akaligonga kreti kwa kisigino. Atieno akaketi.

"Na mimi?" nikasema.

"Panga liko pale. Nyasi za nyuma zimekuwa msitu. Toa hiyo kwanza."

Msimu ule wote niliumaliza na panga. Nilifyeka nyuma ya nyumba, nikafyeka kwa jirani, nikapasua kuni mpaka tukakosa pa kuziweka. Nililijua panga vizuri: linavyopaswa kuwa zito mbele, linavyotaka kiwiko kilegee, linavyorudi kukutafuta mguu ukilipigisha kwenye mti mbichi. Nimewahi kuwafundisha wapishi wenzangu kuvunja nazi na mifupa kwa ufundi huo, wakastaajabu. Ila kila nilipopumzika niliwaona kwa mbali, migongo miwili imeinama kwa mlalo mmoja, viwiko viwili vya kushoto vikipanda na kushuka. Minofu iliruka upande mmoja kwenda kwa wanunuzi. Mifupa yenye vichwa, ile tunayoiita mgongo wazi, ilianguka upande mwingine kwa wanawake waliokwenda kuikaanga. Walikuwa hawazungumzi. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Watu wawili wanaozungumza unaweza kuingilia neno. Wanaonyamaza pamoja utawaingilia wapi?

Nilinuna mpaka Mama akachoka. Siku moja samaki walipopungua, akamwambia Atieno anipishe. Atieno akakilaza kisu kwenye ubao, mimi nikakiokota, mikono mikavu kabisa. Jirani yetu mmoja, mkaangaji wa mgongo wazi aliyeolewa kutoka Seme na ambaye kila mtu alimwita Nyar Seme, alisimama na karai lake kutazama. Nilikuwa nimeangalia kazi ile tangu nilipojua kutembea. Nilijua pa kuingilia, nyuma ya pezi la shingoni, na nilijua kwamba kisu lazima kiusikilize mfupa hadi mkiani. Nikaingiza. Kisu kikaenda hatua mbili na kuuacha mfupa. Nikakirudisha, kikaondoka tena, kama mbuzi anayevutwa sokoni. Nilipofika mkiani, mnofu ulikuwa na mabonde na nusu ya nyama ilikuwa imebaki kwenye mgongo.

"Odhis," Nyar Seme akasema, "huyo samaki alikukosea nini?"

Watu wakacheka.

"Lakini mimi nashukuru," akaendelea, akiuinua ule mgongo wangu na kuutia kwenye karai. "Hii siyo mgongo wazi tena. Hii amevaa koti. Mama Kushoto, mwache huyu kijana akate kila siku, sisi tutanenepa."

"Wacha mtoto," Mama akasema, lakini naye alikuwa anacheka. Kisha akaniambia kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko, "Rudi kwa panga, baba. Kila mkono na kazi yake."

Nikakilaza kisu. Atieno akakiokota. Nikaenda nyuma ya nyumba kufyeka nyasi ambazo hazikuwepo.

Husemwa kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Nikaapa kwamba nitakuwa na visu vikali kuliko vyote vilivyowahi kuletwa ukingoni mwa ziwa lile, na nitakata samaki mpaka mtu amtaje Atieno na watu waulize ni nani. Neno hilo nimelitimiza. Kutoka kuosha sufuria hadi chuo, kutoka chuo hadi cheti, kutoka cheti hadi ndege. Huko Ghuba niliwekwa sehemu ya samaki kwa sababu hakuna aliyekata kama mimi, na siandiki hivi kwa majivuno, niliandikiwa hivyo na wakubwa wangu. Kila nilipopanda cheo nilijinunulia kisu. Nilirudi na kumi na moja, vimelala katika mkoba wa turubai, kila kimoja na mfuko wake, na mfuko mmoja wa mwisho niliuacha wazi. Nilijua ni wa nini.

Nilipomaliza nyumba ya Milimani nilimwandalia Mama chumba kinachotazama bustani, kitanda kipana, na choo chake peke yake. Akaja, akakisifu, akalala wiki moja na kuomba arudishwe Migosi. Huko ndiko anakoishi mpaka leo, katika vyumba viwili vya kupanga vya Atieno, ambaye hukaanga samaki jioni kando ya barabara. Mama huketi karibu naye. Kreti sasa ni kiti cha plastiki. Nimepita pale na gari mara nyingi kuliko inavyohitajika, nikipunguza mwendo, na kila mara nimewaona vilevile, hawazungumzi.

Jumapili moja nikachukua ule mkoba na mbuta mzuri, nikaenda. Nikaufungua mezani mbele yao. Chuma kikameremeta chumba kizima.

"Bwana Diploma," Atieno akasema, "hizi visu zote ni za nini? Kuna mtu anafanyiwa operesheni?"

"Ni za kazi."

Mama, ambaye macho yake yamepungua, alivipapasa kimoja kimoja juu ya mipini. "Ngapi zinakata?"

"Zote, Mama."

"Ngapi zinakata kila siku?"

Nilifikiri kumdanganya. "Viwili. Na panga ya nyumbani."

"Basi," akasema, na kuukunja upande mzima wa mkoba kana kwamba anafunga mlango.

Ndipo nikakitoa kile kilicho bora, chembamba, chuma chake cha Kijapani, nikakilaza mbele ya Atieno. Nikamwambia tubadilishane. Yeye achukue hiki, mimi nichukue kile cha zamani. Nilisema kama mzaha, na hakuna aliyecheka, kwa sababu sote watatu tulijua sikuwa natania. Atieno alimtazama Mama. Kisha akaenda jikoni, akarudi nacho. Kilikuwa kimeliwa na jiwe hadi kimebaki kama jani la muwa, mpira wa mpini umebadilishwa mara nyingi. Akakilaza kwenye ubao, mpini kwangu.

"Jaribu kwanza," akasema. "Usije ukasema nilikuuzia mbuzi kwenye gunia."

Nikajifuta mikono. Wote wawili walisubiri mpaka nikamaliza. Nikamlaza mbuta, nikaingilia nyuma ya pezi, na katika hatua ya pili kisu kikauacha mfupa.

Nilisimama. Safari hii mkono wangu ulijua ulichohisi. Kule Ghuba nilifanya kazi na visu vya namna hiyo, vinavyonolewa upande mmoja tu, na nimewafundisha vijana kwamba kisu kama hicho kina mkono wake: cha mtu wa kulia hakimtii mtu wa kushoto, wala cha kushoto hakimtii wa kulia. Nikakiinua dirishani. Upande wa kulia ulikuwa bapa kama kioo. Mteremko wote ulikuwa kushoto. Shwaa, shwaa, upande mmoja kwa muda mrefu, na ule mwingine mara moja tu.

"Mama," nikasema, "hiki kisu ni cha kushoto."

"Sasa ulidhani ni ya nani?"

Atieno akaziba mdomo kwa leso.

"Nilikuwa naikata samaki vibaya kwa sababu ya hii," nikasema. Kiswahili changu kilikuwa kimeanza kurudi Dunga. "Watu walinicheka. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unanuna tu." Mama akaupapasa ubao. "Ile siku niliiweka kwa ubao, nilijua mkono wenye itaiokota. Ungeiokota wewe kwanza, ningekuachia. Lakini ingekusumbua kila siku, na wewe ungefikiri ni wewe."

Kwa hiyo sikuwa mkataji mbaya. Ninataka hilo lieleweke, na kama Nyar Seme bado yuko hai, limfikie. Nilichukua kisu changu cha Kijapani, nikammaliza yule mbuta mbele yao, minofu miwili isiyo na bonde hata moja na mgongo uliokuwa wazi kweli, uking'aa. Mama alipitisha kidole juu yake akasema nimekata vizuri, vizuri sana, vizuri kuliko Atieno. Atieno mwenyewe akakubali. Hayo ndiyo maneno niliyoyafuata nusu ya dunia, na niliyapata katika chumba cha kupanga Migosi, mikono ikinuka samaki.

Kisha Mama akanyoosha mkono kuchukua chumvi, mkono wa kushoto. Atieno akanyoosha wake kukiokota kisu. Mikono ile miwili ikapishana juu ya ubao: vifundo vilevile, kidole gumba kilekile kilichopinda kidogo kwa nje, kana kwamba fundi mmoja alichonga yote miwili. Nikaitazama yangu. Ni ya baba yangu, watu husema hivyo. Miaka yote ile nilionea wivu kisu, na kisu angalau mtu anaweza kukiomba.

Vile tisa vya ziada nimewagawia wapishi wangu. Nimebaki na viwili vya jikoni na panga la Kibuye lililochomekwa chini ya paa la gereji, na majirani wa Milimani wenye mashine za kukatia nyasi hunitazama nikifyeka na hawathubutu kuniambia kitu. Kwa hesabu ya Mama nimetimia. Ni nyumba kubwa kuliko ile ya mabati, ina maji ya bomba na taa mpaka getini, na visu vyake havina cha kuficha. Ila nimejiletea jiwe jeusi kutoka Dunga, nimeliweka nje ya mlango wa jikoni. Asubuhi nachuchumaa, nalimwagia maji, na ile harufu inapanda ileile, ya baridi. Nikishahakikisha hakuna anayeniona, nakihamisha kisu kwenye mkono wa kushoto na kuanza kusugua. Jiwe linakubali, maji yanakubali. Mkono bado unakataa.